Kuugua, Kuuguza na Kuuguliwa

Hakuna nyumba duniani ambayo ugonjwa haujapata kubisha hodi mlangoni mwake. Nyumba nyingine huujia kama mgeni wa siku tatu, ukala, ukalala, ukaenda zake. Nyumba nyingine huingia ukatandika mkeka, usiondoke mpaka uondoke na mtu. Mafua, jino, kidonda cha mguu na homa ya siku mbili ni maradhi madogo, na watu huyataja huku wakicheka. Saratani, kifua kikuu, maradhi ya moyo na maradhi ya damu ni makubwa, nao huyataja kwa sauti ya chini. Makubwa na madogo hayapeani zamu. Mara nyingi hukutana chini ya paa moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo lizukapo swali ninalotaka kulichungua katika insha hii: Je, katika nyumba yenye mgonjwa mahututi, mwenye ugonjwa mdogo ana haki ya kuugua? Au yampasa anyamaze, kwa kuwa maumivu yake yakitiwa katika mizani mkabala na ya mwenzake hayana uzito?

Yamkini msomaji ataona kuwa swali hili ni dogo, na kwamba jawabu lake li wazi kama jua la saa sita. Atasema: mwenye jino na amwachie nafasi mwenye saratani. Nami sitamlaumu, maana jawabu hilo ndilo lililotawala katika nyumba nyingi, na kwa miaka mingi lilitawala katika yetu. Lakini wale waliokulia katika nyumba zenye mgonjwa wa kudumu wanajua kuwa swali hili si dogo. Wamelala nalo, wameamka nalo, na wengine wamezeeka nalo bila ya kumwambia mtu.

Kabla ya kwenda mbele, afadhali tuitazame lugha yetu, maana lugha ni ghala ya mawazo ya wale waliotutangulia. Kiswahili kimelitazama jambo la ugonjwa kwa macho matatu. Mwenye maradhi huugua. Amtunzaye huuguza. Na jamaa yake, ambaye hana maradhi mwilini mwake, wala pengine hana nafasi ya kutunza, huyo husemwa kuwa ameuguliwa, kama vile aliyeondokewa na mtu wake kwa mauti asemwavyo kuwa amefiwa. Kwa maneno hayo matatu wazee walikwisha kutuambia kwamba maradhi hayamwangukii mtu mmoja. Kitandani hulala mmoja, lakini walioguswa ni nyumba nzima.

Neno kuugua lenyewe lina maana mbili. Ya kwanza ni kuwa na maradhi. Ya pili, ambayo vijana wa leo huitumia kwa nadra, ni kutoa sauti ya maumivu, kupiga kite. Basi kwa Mswahili, kuwa mgonjwa na kulia kwa maumivu vilikaa katika neno moja. Na ikiwa kuugua ni sauti, basi kuna haja ya sikio. Kuuguza nako, ukilitazama umbo la neno, ni kama kumfanya mtu augue. Lakini hakuna anayelielewa hivyo. Tunaelewa kuwa ni kumtunza. Mimi nalisoma neno hilo kwa njia hii: kuuguza ni kumpa mtu ruhusa ya kuugua, kumwambia kwamba hapa, mbele yangu, waweza kuacha kujikaza, na sauti yako itasikiwa. Sidai kuwa hiyo ndiyo asili ya neno. Nadai tu kuwa ndiyo kazi ya mwuguzaji, na kwamba asiyepewa ruhusa hiyo na mtu yeyote huugua mara mbili.

Naomba radhi ya msomaji nikiingiza habari za nyumba yetu, maana siwezi kulijadili jambo hili kama mtu aliyelisikia kwa jirani. Nilizaliwa katika mji mdogo wa pwani, mtoto wa pili baada ya dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka mitatu. Tangu utoto wake dada alikuwa mtu wa maumivu. Vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba angali mchanga. Macho yake yalikuwa na umanjano. Na kila ulipofika upepo wa baridi wa mwezi wa Julai, au mvua ilipomnyeshea, mifupa ilimuuma hata akajikunja mkekani kama jani lililokaribia moto. Baadhi ya wazee walisema ni baridi yabisi. Wengine walisema ni kijicho. Shangazi mmoja alikata shauri kwamba ni damu mbaya iliyotoka upande wa mama, na mama akaishi na neno hilo kama mtu aishivyo na mwiba uliovunjikia ndani ya nyama. Dada alikuwa amekwisha timiza miaka tisa ndipo daktari mmoja alipotutajia jina la maradhi yake.

Maradhi hayo leo huitwa selimundu, na watu wengi huyaita siko seli. Katika damu ya mtu mzima wa afya chembe nyekundu ni duara na laini, nazo hupita katika mishipa myembamba bila ya taabu. Katika damu ya mgonjwa wa selimundu chembe hizo hupinda zikawa na umbo la mundu, zikawa ngumu, zikashikamana na kuziba njia ya damu. Na pale njia ilipozibwa ndipo maumivu yaanzapo. Aliyeziandika habari za chembe hizo kwa mara ya kwanza katika majarida ya utabibu ni daktari James Herrick wa Chicago, mwaka 1910, baada ya kuitazama damu ya mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 wataalamu wa Marekani walieleza mambo mawili makubwa: kwamba kosa liko katika umbile la himoglobini yenyewe, ile inayochukua hewa ndani ya damu, na kwamba mtoto hapati maradhi haya ila amerithi sehemu yake kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wawili wachukuzi wa kinasaba hicho waweza kuwa wazima kabisa; hata hivyo, katika kila mimba, robo ya matarajio ni mtoto mgonjwa, nusu ni mtoto mchukuzi mzima kama wao, na robo ni mtoto asiyerithi chochote. Basi shangazi alikosea. Damu ya baba yangu, yaani damu ya shangazi mwenyewe, ilikuwa na sehemu sawa kabisa na ya mama.

Lipo na jambo la tatu, nalo ndilo lililonifunza zaidi. Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wachukuzi wa kinasaba hiki walikuwa wengi katika pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na haba sana katika nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza sababu, na mwaka 1954 akatoa ushahidi kwamba mchukuzi hukingwa na malaria kali. Mahali penye mbu wengi, kinasaba hicho kiliwaokoa watoto wengi, na kwa sababu hiyo kikadumu vizazi kwa vizazi. Lakini mtoto aliyekipata kwa pande zote mbili hakupata kinga bali maradhi, na malaria ikimshika humwelemea kuliko watu wengine. Nilipokuwa mtu mzima nilipimwa damu, nikaambiwa kuwa mimi ni mchukuzi. Maana yake ni hii: kile kilichonikinga mimi katika utoto wangu ndicho kilichomtesa dada yangu katika utoto wake. Afya yangu na ugonjwa wake vilipakuliwa katika chungu kimoja. Tangu siku hiyo sijaweza tena kusema kwamba ugonjwa ulikuwa wake peke yake.

Sasa nirudi katika utoto wetu. Katika nyumba yetu mizani ilikuwa imetundikwa ukutani, ijapokuwa hakuna aliyeiona kwa macho. Nilipoumwa na jino, mama alinitazama kwa macho yaliyokosa usingizi wa siku tatu, akasema, "Mwenzio yu katika hali ile, nawe waniletea habari za jino?" Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji akaombwa kubeba na kikombe. Nilinyamaza, na nikajifunza kunyamaza vizuri. Nikawa mtoto wa kusifiwa: huyu hasumbui, huyu haugui. Sifa hiyo niliipenda na niliichukia, maana nilijua nailipa kwa nini.

Siku moja, nilipokuwa na miaka kumi, nilikanyaga msumari wenye kutu katika kiwanja cha nyuma ya nyumba. Wiki hiyo dada alikuwa hawezi kabisa. Mama alikuwa akimkanda viungo kwa maji ya moto usiku kucha, na baba alikuwa amekwenda kutafuta fedha za safari ya hospitali. Nikaufunga mguu kwa kitambaa, nikavaa kiatu, nikasema kuwa nimejikwaa. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba, na usiku, nilipodhani wote wamelala, nilijiziba kinywa kwa shuka nisisikike. Aliyenisikia alikuwa dada. Aliita kutoka kitandani pake, "Wewe waugua. Wapi panakuuma?" Nikajibu, "Sijambo, Dada." Akasema, "Mimi nimeugua tangu nizaliwe; sauti hiyo naijua." Kisha akamwita mama, na mama alipokuja na kikombe cha dawa, dada aligeuza uso akasema, "Sinywi mpaka umtazame mguu huyu. Usiku wa leo mgonjwa si mimi."

Asubuhi nilipelekwa zahanati. Dresa aliupasua mguu, akatoa usaha, akanidunga sindano ya kukinga pepopunda, na akamwambia mama maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo kwa uzito wake: kwamba pepopunda haijali kuwa nyumbani yuko mgonjwa mwingine. Mama alikaa juu ya benchi akalia. Hakulia kwa ajili ya mguu. Alilia, nadhani, kwa sababu alitambua kuwa mtoto wake alikuwa amefundishwa kumwogopa kuliko alivyouogopa msumari.

Katika kisa hicho kidogo nimepata sehemu ya kwanza ya jawabu. Mizani ya maradhi haiaminiki, kwa kuwa makubwa na madogo hayana mpaka wa kudumu. Homa ambayo kwa mtoto mwingine ni ya kulala na kuamka, kwa mtoto wa selimundu ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Msumari ambao kwa mmoja ni kovu, kwa mwingine ni kaburi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao wahenga hawakusema ufa wa nyumba gani. Lakini sehemu hii ya jawabu haitoshi. Ingekuwa hiyo pekee, tungekuwa tunamsikiliza mwenye ugonjwa mdogo kwa sababu tu waweza kuwa mkubwa. Na ukithibitika kuwa ni mdogo kweli, tungemwambia anyamaze. Mimi nataka kujua kama mwenye jino, ambaye jino lake halitamwua kamwe, anadai kitu kwetu.

Wako watakaopinga, na hoja yao ina nguvu. Watasema kwamba mikono ya mama ni miwili, usiku una saa kumi na mbili, na fedha za nyumba zina idadi. Asiyechagua nani atangulie atawapoteza wote. Watatukumbusha daktari Dominique Jean Larrey, tabibu wa majeshi ya Napoleon, ambaye alishika kanuni kwamba majeruhi watibiwe kwa kadiri ya ukali wa jeraha, bila ya kutazama cheo. Kanuni hiyo ilikuwa haki mpya, maana ilimshusha ofisa mwenye mkwaruzo na kumpandisha askari mnyonge aliyekatika mguu. Na hospitali zote za dunia zinaifuata hata leo. Je, nyumba ifanye kinyume cha haki hiyo?

La hasha. Nakubali kwamba dawa, fedha na miguu ya kukimbilia hospitali vigawanywe kwa kadiri ya haja. Kama nauli ni moja, na aende nayo dada yangu. Sikumwonea wivu kwa hilo nilipokuwa mtoto, wala simwonei leo. Lakini tuitazame kanuni hiyo vizuri. Inasema nani atangulie kutibiwa. Haisemi kwamba yule anayengoja haumwi. Mtu aliyeketi mwisho wa foleni hakuambiwa kuwa jeraha lake si jeraha, ameambiwa angoje. Kati ya "ngoja" na "huumwi" pana umbali mkubwa. Neno la kwanza ni la haki, hata likiwa chungu. La pili ni uongo, nao ni uongo unaosemwa juu ya mwili wa mtu mwingine, mahali ambapo yeye peke yake ndiye shahidi. Mama yangu angeliweza kuniambia, "Najua jino lauma, mwanangu; vumilia mpaka kesho." Maneno hayo hayagharimu nauli, wala hayapunguzi dawa ya mgonjwa. Yangenitosha.

Wako wengine watakaosema kwamba ukimsikiliza kila mwenye mafua utafuga deko, na nyumba itajaa vilio vya uongo. Ni kweli kuwa watoto hudeka, na watu wazima pia. Lakini tujiulize mtoto hudeka kwa ajili gani. Mara nyingi mtoto aliye mzima katika nyumba ya mgonjwa huona kwamba mlango wa mapenzi unafunguliwa kwa ufunguo mmoja tu, nao ni maradhi. Basi na yeye hutafuta ufunguo huo. Akiulizwa hali yake kabla hajaumwa, hana haja ya kujitia mgonjwa ili aulizwe. Deko haliponi kwa kuzibwa masikio, bali kwa kusikilizwa mapema.

Tena ziko hila za moyo ambazo methali imezifichua: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mtu huuona mzigo wa mwingine kuwa mwepesi. Kwa kawaida twaitumia methali hii kumkemea mzima anayedharau maradhi ya mgonjwa. Lakini hukata pande zote mbili. Mgonjwa mkubwa naye huweza kuyadharau maumivu madogo ya wenziwe, na mwuguzaji aliyechoka huweza kuyadharau ya wote, kwa kujiona kuwa yeye ndiye aliyeyaona mambo. Mateso makubwa hayamfunzi kila mtu huruma. Wengine huwafunza dharau. Mtu hutoka katika tanuri akawa chuma. Mwingine hutoka akawa jivu. Na wachache hutoka kama mkate, wakawa chakula cha wenzao. Dada yangu alikuwa katika hao wachache. Yeye, ambaye kwa mizani yoyote alikuwa na haki ya kwanza, ndiye aliyesimama kunitetea.

Cicely Saunders, aliyekuwa mwuguzi kabla ya kuwa daktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua London nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake. Yako ya moyo, yako ya kutengwa na watu, na yako ya roho inayotafuta maana. Na anayetaka kuyatuliza sharti ayasikilize yote. Mafundisho hayo yalielekezwa kwa walio karibu na kufa, lakini naona yanatufaa katika jambo letu. Maumivu ya jino ni madogo; maumivu ya kuambiwa kuwa jino lako halina nafasi katika nyumba ya baba yako si madogo hata kidogo. Ya kwanza huisha jino liking'oka.

Dada yangu alifariki katika masika ya mwaka 1986, akiwa na miaka kumi na mitano. Alishikwa na malaria, na mwili wake haukustahimili. Siku hizo dawa nyingi zinazowasaidia wagonjwa wa selimundu zilikuwa hazijafika kwetu, na nyingine zilikuwa hazijaanza kutumika kwa ajili yao popote. Leo mtoto aweza kupimwa angali mchanga, akapewa penisilini ya kumkinga, akalala ndani ya chandarua chenye dawa, na akatumia haidroksiyurea inayopunguza mashambulizi ya maumivu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha hata tiba ya kuhariri vinasaba vyenyewe, ijapokuwa bei yake bado haifikiwi na watu wa hali zetu. Nikisoma habari hizo hufurahi kwa ajili ya watoto wa watu, kisha hukaa kimya kidogo.

Katika matanga nikakutana tena na mizani ile ile, safari hii ikipima vilio. Mtu mmoja alimwambia mama, "Shukuru Mungu, umebakiwa na mwingine." Mwingine akamtolea kisa cha jirani aliyepoteza watoto watatu kwa mwaka mmoja, kana kwamba msiba wa jirani ungeupunguza wake. Mimi niliambiwa na kila aliyeingia, "Mtunze mama yako." Hawakukosea kuniusia hivyo, lakini siku ya pili nilikuwa nimekwisha sahau kama na mimi nimepoteza mtu. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa akinywa kahawa peke yake chini ya mwembe, aliponiita, akaniketisha kando yake, akasema, "Pole, mjukuu wangu. Umefiwa." Hakuongeza neno. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Neno lake lilikuwa moja, nalo halikulinganisha chochote na chochote.

Nalitamani kumaliza hapa, ili msomaji anione kuwa mtu aliyefundishika. Lakini insha ya maadili isiyo na ukweli ni mapambo matupu, na ukweli ni kwamba somo hilo nililipata nikalipoteza. Nilipokuwa na watoto wangu, binti yangu mdogo alirudi shuleni na mafua, macho yamejaa machozi, akataka kupakatwa. Nami, ambaye nilikuwa nimeshinda kazini, nikasikia kinywa changu kikisema, "Huu nao ni ugonjwa? Ungelimwona shangazi yako, ungelijua ugonjwa ni nini." Mtoto akanyamaza. Akajifuta pua kwa mkono wa gauni, akaenda chumbani, na kimya chake nilikitambua, maana kilikuwa changu. Nilikuwa nimelichukua jina la dada yangu, ambaye hakupata kumdharau mtu maumivu yake, nikalifanya jiwe la kumpondea mtoto. Sijui dhuluma kubwa kuliko hiyo niliyopata kumtendea marehemu.

Mama naye alikuwa akijipima kwa mizani ile ile kwa miaka yote. Uzeeni aliumwa na kichwa kwa miezi kadha, asiseme. Mpaka siku alipoanguka mlangoni ndipo ilipojulikana kuwa ana shinikizo la damu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na alinusurika kwa kudra ya Mungu tu. Nilipomwuliza kwa nini hakutuambia, alijibu, "Mwanangu, ni kichwa tu. Baada ya yale niliyoyaona, mimi nilie kwa kichwa?" Nikafahamu kwamba hakuwa amenidhulumu mimi peke yangu utotoni. Alijinyima na yeye ruhusa ile ile aliyoninyima. Aliuguza miaka kumi na mitano, na katika miaka hiyo hapakuwa na mtu aliyemuuguza yeye, wala aliyemwuliza kama amelala. Baba alitafuta fedha, jamaa waliuliza hali ya mgonjwa, nami nilijifunza kunyamaza. Kama nadai kwamba mwenye jino alistahili kusikilizwa, sharti nikiri kwamba mwenye uchovu alistahili zaidi, na kwamba mimi pia, mtoto mwenye miguu miwili mizima, ningeliweza kumpelekea kikombe cha chai usiku nikamwuliza, "Mama, u hali gani?"

Basi jawabu langu ni hili. Kila aumwaye ana haki ya kuugua, awe na maradhi makubwa au madogo. Hana haki ya kutangulia kila mara. Hana haki ya kupewa dawa ya mwenziwe. Na yampasa kungoja inapobidi kungoja. Lakini ana haki ya kuaminiwa kuwa anaumwa. Haki hiyo haiwezi kuisha kwa kugawanywa, kama vile salamu isivyoisha kwa kutolewa kwa watu wengi. Kwa anayeugua, wajibu ni kusema, maana anayeficha huwanyima wenziwe nafasi ya kumtunza. Kwa anayeuguza, wajibu ni kusikiliza kabla ya kupima, na kuwaachia wengine zamu kabla hajavunjika. Kwa aliyeuguliwa, wajibu ni kukumbuka kwamba nyumbani wako wagonjwa wasiolala kitandani.

Binti yangu nilimfuata chumbani usiku ule, nikamwomba radhi, nikamkanda kifua kwa mafuta. Alikuwa karibu kusinzia. Nilipomaliza alifumbua macho akanitazama, akauliza, "Na wewe, Baba, wapi panakuuma?" Hakupata kumwona shangazi yake. Sijui neno hilo alilipata wapi.